Mashine ya boti iliyotumika: ipime pumzi kabla ya kutoa pesa

Kusi ilipokwisha mwaka jana, mpwa wangu alikuja nyumbani baada ya swala ya isha. Akakaa barazani, akanywa kikombe cha kwanza cha kahawa bila kusema kitu. Cha pili kilipomiminwa ndipo alipofungua mdomo: "Mjomba, nimepata mashine."

Ilikuwa Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40, ile ya kuchanganya petroli na oili, ambayo wavuvi na wabeba abiria wengi wa pwani yetu wanaijua hata kwa sauti. Muuzaji alimwambia imefanya kazi kidogo tu. Bei ilikuwa nzuri. Nusu ya pesa alikuwa nayo, aliyoiweka kidogo kidogo katika chama chao cha wavuvi. Nusu ya pili ingetoka kwenye bangili za dhahabu za mamake, yaani dada yangu, ambazo tayari zilikuwa zimefikishwa kwa sonara.

Nikamuuliza, "Sonara alifanya nini kabla ya kutaja bei?"

"Alizipima."

"Na wewe, mashine umeipima?"

"Nimeivuta kamba, mjomba. Imewaka mvuto wa pili."

Nimekuwa fundi wa mashine za boti hapa Lamu kwa muda mrefu kuliko umri wa kijana huyu, na jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno. Mimi mwenyewe nimewahi kulitoa, na lilimgharimu mtu. Nitafika hapo. Kwanza nieleze kitu ambacho mnunuzi yeyote anaweza kukifanya mwenyewe, kwa nusu saa na kifaa kimoja: kupima kompresheni, yaani nguvu ambayo injini inaibana nayo hewa ndani ya silinda.

Mashine haisemi umri wake

Gari lina mita ya kilomita, hata kama wapo wanaoichezea. Mashine hizi za kamba hazina mita yoyote. Hakuna pahali palipoandikwa kwamba imeshakwenda Kiwayu na kurudi mara elfu moja. Kinachoonekana ni kofia ya juu, na kofia hupigwa rangi kwa mchana mmoja. Nimeona mashine iliyong'aa kama ya dukani na ndani pistoni zimechakaa. Nimeona pia mashine iliyofungwa kofia kwa kamba ya nailoni, na ndani yake ni nzima.

Kwa hiyo umri wa mashine hutafutwa ndani. Mahali pa kwanza pa kutafuta ni silinda.

Injini ya aina hii ina pistoni inayokwenda na kurudi ndani ya silinda. Pistoni imevishwa ringi za chuma zinazogusa ukuta wa silinda ili hewa isivuje. Inapobana mchanganyiko wa hewa na petroli, plagi inapiga cheche, mchanganyiko unalipuka, na mlipuko huo ndio unaosukuma boti. Ringi zikichakaa, au ukuta ukichubuka, sehemu ya hewa inavuja kabla ya mlipuko. Mashine inakuwa ngumu kuwaka asubuhi, inakula petroli, na boti ikijaa mzigo inalala mkia chini bila kunyanyuka. Kwa lugha ya vijana wetu, haina pumzi.

Kinachochakaza haraka ni mambo tunayoyafanya wenyewe: oili kidogo kuliko inavyotakiwa, oili ya gari badala ya oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3, kabureta chafu inayoinyima silinda moja petroli, na pampu ya maji iliyokula mchanga wakati wa maji kupwa hadi mashine ikapata moto. Kwa nyingi ya mashine hizi, zikishazoea kazi, kipimo ni lita 50 za petroli kwa lita 1 ya oili. Kitabu cha mashine yako kikisema vingine, fuata kitabu.

Vifaa

Unahitaji geji ya kompresheni, spana ya plagi, tochi, kitambaa safi na bomba la sindano lisilo na sindano. Nunua geji ya kuskuruu kwenye tundu la plagi, si ile ya mpira ya kushindilia kwa mkono, kwa sababu mkono ukilegea inavuja na namba inakudanganya. Mashine nyingi zina tundu la plagi la milimita 14, lakini chomoa plagi kwanza uhakikishe uzi unalingana. Ukilazimisha uzi usio wake kwenye hedi ya aluminiamu, umeharibu mali ya mtu.

Namna ya kupima

Anza kabla ya kugusa spana. Ukifika tu, weka kiganja juu ya mashine. Ikiwa ina joto, muuzaji ameiwasha kabla hujaja, na mashine isiyo na pumzi huficha aibu yake ikiwa moto. Omba kurudi siku ya pili na uikute baridi. Kisha iwashwe mbele yako na uhesabu mivuto.

Ikishawaka, iache ifanye kazi dakika tano hivi ikiwa ndani ya maji, baharini au kwenye pipa. Usiiwashe kavu hata kidogo, impela ya pampu ya maji itaungua. Tunaipasha moto kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na ringi hukaa kama zinavyokaa kazini.

Zima. Chomoa kamba ya usalama, ile ya kuzimia mashine, ili umeme usifike kwenye plagi. Hili si la kupuuza. Plagi zikitoka, kila mvuto wa kamba hutema mvuke wa petroli kwenye matundu, na cheche moja ya waya ulioachwa wazi inatosha kukuunguza uso. Isitoshe, waya wa plagi ukipiga cheche bila pa kwenda, waweza kuua kifaa cha umeme cha mashine. Mafundi waangalifu hubana pia nyaya hizo kwenye chuma cha injini.

Futa mchanga na chumvi kuzunguka plagi, kisha zitoe plagi zote, si ile ya silinda unayoipima tu. Zikitoka zote, mashine inazunguka nyepesi na kila silinda inapata nafasi sawa. Zipange kwa mpangilio wake, ya juu na ya chini. Plagi nazo zinasema. Ya kahawia ni nzuri. Nyeusi yenye majimaji ya oili inaonyesha mchanganyiko mzito au silinda isiyochoma vizuri. Ikiwa na vijidoa vinavyometa kama fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni inayoyeyuka. Hapo huna haja ya kuendelea na bei.

Skuruu geji kwenye silinda ya juu. Weka gia katikati. Sasa fungua mkono wa mafuta hadi mwisho. Hapa ndipo wengi hukosea. Mkono ukiwa umefungwa, kabureta inaziba njia ya hewa, silinda inakosa cha kubana, na mashine nzima inaonekana mbovu. Mashine nyingi zenye mkono wa kuongozea hazikuruhusu kufungua mafuta yote zikiwa katikati, kwa hiyo mwambie mwenzako asukume milango ya kabureta kwa kidole na aishikilie wazi.

Vuta kamba kwa nguvu, mvuto mrefu, mara tano au sita, mpaka mshale wa geji usipande tena. Andika namba. Achia hewa ya geji, rudia mara ya pili, kisha hamia silinda ya chini. Mvutaji awe yule yule na mivuto iwe idadi ile ile. Kijana wa miaka ishirini akivuta ya juu na mzee kama mimi akavuta ya chini, mtakuwa mmepimana nguvu nyinyi, si mashine.

Kuzisoma namba

Geji nyingi husoma kwa pauni. Kwa kulinganisha, gurudumu la gari dogo hujazwa pauni thelathini na kitu. Mashine nyingi za boti za aina hii zikiwa nzima husoma kati ya pauni 100 na 130 hivi, kutegemea aina na geji yenyewe. Ikishuka chini ya 90, anza kuwa na wasiwasi. Lakini usiishike namba moja kama aya. Geji mbili tofauti zaweza kuachana kwa pauni kadhaa juu ya mashine ile ile.

Kilicho muhimu zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, kwa sababu geji ni moja na mkono ni mmoja. Chukua namba kubwa, toa ndogo, gawa jibu kwa ile kubwa. Tofauti ikiwa ndani ya asilimia 10, silinda zinazeeka pamoja, na hilo ni jambo jema. Ikipita asilimia 15, kuna moja inayougua. Ningechagua mashine yenye 104 na 102 kuliko yenye 128 na 98, ingawa ya pili ina namba kubwa zaidi.

Mashine ya mpwa wangu, tulipoipima siku ya pili mbele ya muuzaji, ilitoa 118 juu na 84 chini. Tofauti ni pauni 34, karibu asilimia 29.

Muuzaji hakupendezwa. Akasema geji yangu imeharibika. Ni haki yake kusema hivyo, na jawabu la neno hilo si kugombana. Boti yangu ilikuwa pale pale gatini, na mashine yangu ilikuwa imetoka kazini asubuhi ile. Nikaifunga geji kwenye mashine yangu mbele ya macho yake: 122 na 120. Akanyamaza.

Kuuliza kwa nini

Namba ikiwa ndogo, kuna jaribio la pili. Kwa bomba la sindano, tia oili kama kijiko kimoja cha chai kwenye silinda dhaifu, vuta kamba polepole mara mbili tatu ili isambae, kisha pima tena. Oili hiyo inaziba kwa muda uwazi kati ya ringi na ukuta. Namba ikipanda sana, ringi au ukuta ndio umechakaa. Ikibaki pale pale, tafuta kwingine: gasketi ya hedi iliyopasuka au pistoni iliyotoboka. Na silinda mbili jirani zikisoma chini kwa kiasi kimoja, gasketi iliyo kati yao ndiyo mshukiwa wa kwanza.

Nionye hapa. Silinda za mashine ya boti zimelala, hazikusimama kama za gari, kwa hiyo oili hukusanyika upande wa chini na jibu huwa si safi sana. Lichukue kama dalili, si hukumu.

Ya mpwa wangu ilipanda kutoka 84 hadi 104. Zilikuwa ringi au ukuta. Muuzaji alipoifungulisha baadaye, fundi aliyeifungua aliniambia silinda ya chini ilikuwa imechubuka kiasi cha kushikwa kwa kidole. Ilihitaji kuchongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa zaidi.

Geji haijui kila kitu

Sitaki mtu asome makala haya kisha akanunua kwa geji peke yake. Pistoni yaweza kuwa imekwaruzwa upande wa tundu la moshi, chini ya ringi, na bado geji ikasoma vizuri kwa sababu ringi zenyewe hazijafikwa. Ndiyo maana ya tochi: mulika ndani ya tundu la plagi, zungusha flaiwili kwa mkono, tazama kichwa cha pistoni na ukuta. Tena namba kubwa kupita kiasi si sifa. Silinda moja ikisoma juu sana kuliko mwenzake, huenda ina masizi mengi juu ya pistoni, au ina oili iliyojaa ndani.

Geji pia haikuambii kama sili za mhimili zinavuja hewa, kama pampu ya maji inafanya kazi, wala kama gia ni nzima. Maji ya kupoza yatoke kwa kasi mashine ikiwa inaunguruma. Legeza skrubu ya chini ya sanduku la gia utazame oili: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji ya chumvi yameingia. Na ukiwa na mashine ya mipigo minne, soma kitabu chake kabla ya kupima, kwa sababu baadhi yake zina kifaa cha kupunguza mbano ili kamba iwe nyepesi kuvutwa, na geji itasoma chini bila ubaya wowote.

Kidole gumba changu

Nilisema nitafika hapa. Zamani, nilipokuwa fundi kijana na jina langu limeanza kutajwa, nahodha mmoja aliniita nimtazamie mashine aliyotaka kununua. Sikuwa na geji. Nilifanya walivyofanya wakubwa wangu: nilitoa plagi, nikaziba tundu kwa kidole gumba, nikamwambia mtu avute kamba. Kidole kilisukumwa. Nikasema, "Nzima hii, chukua."

Kidole hukuambia kwamba hewa ipo. Hakikuambii ni pauni 120 au 80. Hata silinda iliyochoka husukuma kidole.

Mashine ile ilifanya kazi miezi mitatu. Ikafa nje ya Kiwayu, kusi imeshika, na watu wanne ndani ya boti. Walikaa usiku mmoja na mchana wake wakichukuliwa na maji, mpaka jahazi lililokuwa likishuka likawaona. Walirudi salama wote, alhamdulillahi, lakini nyavu na samaki walivitupa ili boti iwe nyepesi. Yule nahodha alikuja dukani kwangu wiki iliyofuata. Nilingojea maneno makali. Akaniamkia, akaniuliza bei ya ringi, akaenda zake. Hakunilaumu siku ile wala baadaye, na hilo ndilo lililonikaa moyoni. Nilinunua geji mwezi ule ule.

Wahenga walisema mwanamaji wa Kwale kufa maji ni mazoea. Kidole gumba changu kilikuwa mazoea.

Geji moja kwa kila gati

Mpwa wangu hakuinunua ile mashine. Alininunia karibu wiki mbili, na dada yangu akanipigia simu kuuliza kwa nini namzuilia mtoto riziki. Kisha kijana akapata nyingine Mokowe, kuukuu, kofia imepasuka, rangi imeliwa na jua. Safari hii alikuja kuchukua geji mwenyewe, akaenda bila mimi. Usiku akanitumia picha ya daftari: 112 juu, 110 chini. Aliinunua kwa bei ya chini kuliko ile ya kwanza, na bangili mbili zilirudi mkononi mwa mamake.

Picha hiyo ya daftari ndiyo iliyonifanya niandike. Namba moja ni habari ya leo tu. Namba zilizoandikwa kila baada ya miezi sita, kwa geji ile ile, zinakupa safari nzima ya mashine. Iliyotoka 116 ikaja 112 kisha 109 inazeeka kwa heshima. Iliyotoka 116 ikaanguka 97 kwa msimu mmoja inakuita, na inakuita ikiwa bado gatini, pahali ambapo ringi mpya ni gharama ya kawaida na si suala la roho za watu.

Geji ya kompresheni si kitu ghali ukilinganisha na mashine, na haihitaji kila mvuvi awe na yake. Kila gati lina kamati yake ya wavuvi, ile tunayoiita BMU. Kila kamati inunue geji moja na daftari moja, zikae ofisini, mwanachama aazime na aandike namba zake. Mwenye kuuza mashine afungue daftari mbele ya mnunuzi. Mwenye mashine nzima hatakuwa na la kuficha, na pengine atapata bei nzuri zaidi.

Kwa sasa geji yangu iko pale pale dukani, kwenye msumari nyuma ya mlango. Anayetaka kununua mashine kabla kaskazi haijaanza na aje aiazime. Sharti langu ni moja: airudishe na aniandikie namba alizozipata.